Usimnyime paka bugali kabla hujapima sukari yake

Swali: "Jambo daktari. Tuko Nguba, hapa Bukavu. Paka wetu ni dume aliyehasiwa, ana miaka tisa na kilo sita na kidogo. Siku hizi anakunywa maji kupita kiasi, anakula sana na bado anakonda mgongoni, na pale anapokojoa sisimizi wanajaa. Veterineri alimpima akakuta sukari 418, akasema ni kisukari, akatuandikia insulini ya glargini, yuniti moja asubuhi na moja jioni. Toka utoto wake tunamlisha bugali na mchuzi wa samaki, pamoja na zile biskuti za paka za mfukoni. Shemeji yangu anasema nikate bugali wote leo leo. Mama mkwe ana kisukari na ana mashine yake ya kupimia. Naweza kuitumia kwa paka? Nilijaribu mara mbili siku moja, kwanza ikatoka 296, baadaye 187. Nishike ipi? Na je, atachomwa sindano mpaka kufa?"

Jambo sana mama, na pole kwa kazi hiyo mpya.

Shemeji yako ana haki kuhusu bugali. Ni hiyo "leo leo" ndiyo inanitia wasiwasi. Yuniti moja mliyoandikiwa ilipangwa kwa paka anayekula bugali na biskuti. Ukimwondolea wanga wote kwa usiku mmoja, na sindano ikabaki ile ile, sukari inaweza kuporomoka ndani ya siku chache, na wewe utakuwa umelala. Sukari ya juu humharibu paka kwa wiki na miezi. Ile iliyoshuka mno inaweza kummaliza kabla hakujapambazuka. Kwa hiyo niruhusu nianze na kupima, chakula kije nyuma yake, hata kama wewe uliuliza kinyume.

Kwanza ile 418. Paka mzima aliyetulia ana sukari kati ya 70 na 150 hivi kwa mg/dl. Lakini paka akiogopa, akifungwa kwenye kikapu, akapandishwa pikipiki na kushikwa na mtu asiyemjua, sukari yake hupanda yenyewe, wakati mwingine kupita 300, bila kisukari chochote. Ndiyo maana namba moja ya kwenye meza ya daktari haitoshi kumhukumu paka. Kwa paka wenu, hata hivyo, dalili zimejazana: kiu, mkojo mwingi, kula huku anakonda. Na wale sisimizi si mchezo. Figo za paka huanza kuachia sukari ipite kwenye mkojo pale damu inapofika karibu 250 hadi 300, na mdudu hajui kudanganya kuhusu sukari. Ukitaka uhakika zaidi, nunua farmasia bandeleti za mkojo, vile vijikaratasi vya kupimia, zinazoonyesha kwa pamoja sukari na ketoni (sumu inayotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini), uchovye nyumbani akiwa ametulia. Utazihitaji hata baadaye. Mimi sipingani na mwenzangu aliyempima.

Kuna jambo moja ningemuuliza huyo mwenzangu: je, paka alidungwa dexa (deksamethasoni, dawa ya jamii ya kortizoni) miezi ya karibuni, labda kwa ajili ya kuwashwa au mafua? Dexa na ndugu zake wote huzuia insulini kufanya kazi, na kwa paka mnene zinaweza kuamsha kisukari kilichokuwa kimelala. Mwambie kila atakayemtibu kuanzia sasa. Mfungue na mdomo pia: meno yaliyooza na fizi zenye usaha hufanya sukari isishuke hata ukiongeza dawa.

Sasa mashine ya mama mkwe. Ndiyo, itumie. Mashine za binadamu husoma sukari ya paka chini kidogo kuliko ilivyo kweli, kwa sababu zimetengenezwa kwa damu ya mtu, na sukari ya damu ya paka imegawanyika vingine kati ya chembe nyekundu na maji ya damu. Zipo mashine za wanyama, na ni nzuri, lakini ukizipata utahangaika na bandeleti zake, nami napendelea mashine ya kawaida yenye bandeleti zinazopatikana mjini kila siku kuliko mashine bora inayokaa kabatini bila bandeleti. Kosa la mashine ya binadamu linaelekea upande mmoja, kwa hiyo unalizoea. Lanseti tu, kile kisindano cha kutobolea, usichangie na mama mkwe: yake ni yake, ya paka ni ya paka, na kila moja hutupwa baada ya kutumika.

Angalia na kipimo chenyewe. Mashine nyingi zinazouzwa kwetu zinasoma mg/dl, lakini ile iliyoletwa na ndugu kutoka Uingereza, au iliyonunuliwa Nairobi, inaweza kusoma mmol/l. Hapo unazidisha kwa 18: ukiona 10.4, hiyo ndiyo 187 yako. Nimeshaona watu wakishangilia sukari ya 22 iliyokuwa karibu 400.

Basi, 296 na 187, ushike ipi? Zote mbili, ila ziandikie saa. Kwanza, mashine nzuri yenyewe inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15 juu au chini, kwa hiyo 187 na 205 ni namba moja. Pili, naamini mara ya kwanza mlimshika kwa nguvu na mara ya pili alikuwa amechoka kupigana. Tatu, na hili ndilo kubwa, glargini humshusha paka polepole na kumfikisha chini kabisa kati ya saa ya nne na ya nane baada ya sindano, kisha anaanza kupanda. Namba isiyo na saa ya sindano pembeni yake haisomeki.

Mahali pa kutoboa ni ukingo wa sikio. Shika sikio mbele ya taa uone mshipa mwembamba unaopita kando kando. Wewe unatoboa kile kijisehemu kati ya mshipa na ukingo, si mshipa wenyewe. Kabla ya hapo lipashe joto. Soksi yenye mchele uliopashwa moto kidogo, uliyoijaribu kwanza kwenye shavu lako, inafaa sana, hasa asubuhi zetu za Bukavu ambapo sikio la paka huwa baridi na halitoi kitu. Pakaa vaselini kidogo sana ili tone lisimame lisisambae kwenye manyoya. Weka pamba nyuma ya sikio usijitoboe kidole. Usitumie alkoholi: inamuuma, na ikichanganyika na damu inaharibu namba. Bandeleti iwe tayari ndani ya mashine, na uipeleke kwenye tone, usilipeleke tone kwenye bandeleti. Ukimaliza bana sikio na pamba kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, kisha mpe kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa bila chumvi. Hicho kipande usikisahau hata siku ambayo damu haikutoka. Baada ya siku kadhaa paka wengi huja wenyewe wakisikia mlio wa kikopo cha bandeleti.

Siku za kwanza lanseti nyembamba mno zitakuvunja moyo. Tafuta zile nene kidogo. Sikio likikataa kabisa, kile kinundu cha nyuma ya mguu wa mbele, kisichogusa chini, kinatoa damu vizuri. Na kikopo cha bandeleti kifungwe mara tu unapochukua moja; unyevu wa msimu wa mvua unaziharibu bila kubadilisha rangi yake.

Upime lini? Wiki za mwanzo pima kabla ya kila sindano, halafu mara moja katikati ya mchana, saa kama sita baada ya sindano ya asubuhi. Bandeleti ni pesa, najua. Zikikubana, usiache ile ya kabla ya sindano; ya katikati unaweza kuifanya siku moja na kuruka moja. Kila baada ya wiki moja au mbili, na kila dozi inapobadilishwa, chagua siku ambayo uko nyumbani umpime kila saa mbili kutoka sindano hadi sindano, uchore namba hizo kwenye karatasi na kumpelekea veterineri wako. Mchoro huo unamwambia mengi kuliko kumbeba paka mpaka kwake.

Katika kipindi hiki cha mwanzo shika hivi. Kama kabla ya sindano mashine inasoma chini ya 200, usimchome; mpe chakula, mpime tena baada ya saa mbili, na mpigie veterineri. Ikiwa 200 au zaidi, naye amekula, mchome dozi yake. Ikiwa 350 au 400, mchome dozi ile ile, usiongeze kitu kwa hasira. Dozi hupandishwa kwa nusu yuniti, na daktari, baada ya kutazama siku kadhaa. Tunachotaka ni kwamba ile namba ya chini kabisa ya mchana iangukie kati ya 80 na 150, na kwingineko asikae juu ya 300. Ukamilifu haumsaidii paka, unamuua.

Ikishuka chini ya 60, au ukimwona anayumba, anakodoa macho bila kuona, analia kwa njaa ya ajabu, anatetemeka au anaanguka, usisubiri namba. Akiweza kumeza, mpe chakula mara moja, hapa hata bugali ni dawa, na asali juu yake. Akiwa amelegea, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo. Usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni. Ile asali nzuri ya vijijini ikae karibu na mashine, watoto wasiiguse. Mpime kila dakika 15, na akiinuka usimwamini bado, kwa kuwa insulini iliyomshusha ingali inafanya kazi kwa masaa. Mpeleke kwa veterineri.

Sasa tuje kwenye sahani yake.

Paka ni mla nyama hata pale anapoonekana kufurahia bugali. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake ni zito katika kushughulikia sukari nyingi inayoingia kwa mara moja. Yeye hutengeneza sukari yake mwenyewe kutoka kwenye protini, mchana na usiku. Kwa hiyo paka mnene mwenye miaka tisa anayekula unga wa mihogo na mahindi kila siku anakiomba kongosho chake, kile kinachotoa insulini, kazi ambayo hakikuumbwa nayo. Lengo letu ni wanga usizidi takriban asilimia 12 ya nishati ya chakula chake.

Na zile biskuti? Hapa watu wengi hudanganyika, kwa sababu mfuko una picha ya kuku. Wanga hauandikwi, lakini unahesabika: chukua 100, toa protini, mafuta, unyevu, majivu (yaani madini) na nyuzinyuzi. Mfuko wenye protini 32, mafuta 12, unyevu 8, majivu 7 na nyuzinyuzi 3 unabakiza 38 za wanga. Kwa nishati, zidisha protini na wanga kwa 3.5, mafuta kwa 8.5: unapata 112, 133 na 102, jumla 347, na wanga peke yake ni asilimia 38. Sasa chukua chakula laini cha kopo chenye protini 9, mafuta 5, unyevu 82, majivu 2, nyuzinyuzi nusu: wanga ni 1.5 tu, karibu asilimia 7 ya nishati. Kopo hilo linafaa. Jihadhari tu na vile vipakiti vya vipande vinavyoogelea kwenye mchuzi mzito, kwa maana uzito ule mara nyingi ni wanga.

Makopo hayo mjini kwetu ni ghali, na yapo leo kesho hayapo; wengine huyafuata Kamembe, ng'ambo ya Rwanda, mpaka ukiwa wazi. Kwa hiyo wengi mtapika. Nyama ya paja la kuku pamoja na moyo wa ng'ombe, sehemu mbili, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wabichi wazima, sehemu moja, vyote vichemshwe kwa maji machache. Usimwage maji hayo: taurini, ambayo paka akiikosa moyo wake unalegea na macho yanapofuka, huyeyukia humo. Ndiyo sababu nataka moyo na paja jeusi, sitaki kidari cheupe peke yake. Sambaza wawe wazima na mifupa yao, ndiyo inayoleta kalsiamu. Wiki ambayo hakuna sambaza, weka nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililosagwa unga kwa kila nusu kilo ya nyama. Ini kipande kidogo tu mara moja kwa wiki, likizidi vitamini A inageuka sumu. Sambaza wakavu wanafaa pia, mradi hawakutiwa chumvi, uwaoshe mchanga na kuwaloweka. Makayabo, samaki wa chumvi, hapana.

Najua kuna watakaokuambia umpe samaki mtupu, kwa kuwa ziwa liko hapo chini. Usifanye hivyo. Samaki wa mafuta wakiwa chakula pekee humletea paka ugonjwa wa mafuta ya mwili kuvimba na kuuma, kwa kukosa vitamini E, na baadhi ya samaki wakiwa wabichi huharibu vitamini B1. Chemsha, na changanya na nyama. Kitunguu, kitunguu saumu, pilipili, kubu za supu na ule mchuzi wenu wa mezani vikae mbali. Kitunguu huvunja damu ya paka hata kikiwa kimepikwa. Maziwa ya chai pia. Na kila mtu wa nyumbani ajue, mpaka yule mtoto anayemmegea andazi chini ya meza, maana andazi moja linaweza kukuchanganyia namba za siku nzima.

Kiasi kiwe kama gramu 180 hadi 200 za mchanganyiko huo kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni, na maji wakati wote. Ana uzito kupita kiasi, ndiyo, lakini usimnyime chakula kwa ajili ya kumkondesha wakati huu. Paka mnene asiyekula siku mbili tatu ini lake hujaa mafuta, na huo ni ugonjwa mwingine mbaya kuliko ule tunaoutibu. Mpime kilo kila wiki; sukari ikitulia, apungue taratibu, si zaidi ya gramu 60 hivi kwa wiki. Chakula cha jikoni pekee kwa miezi mingi kitapungukiwa na vitu vidogo vidogo kama ayodini na vitamini E, kwa hiyo hata kopo moja moja kamili kila unapolipata lina maana.

Mpito uchukue siku kumi hivi. Siku tatu za kwanza toa robo ya bugali na biskuti, ujaze nafasi kwa nyama. Ukiona namba za kabla ya sindano zimeshuka, simama hapo, mpigie veterineri apunguze dozi, kisha endelea. Kila safari mpangilio ni mmoja: pima, mpe chakula, mwone amekula, ndipo mchome. Asipokula, usimchome dozi nzima kabla hujaongea na daktari. Mkisahau kama sindano ya asubuhi ilishapigwa au bado, msirudie. Kuruka moja hakumdhuru, kuchoma mbili kunaweza kumuua. Weka daftari moja, na mtu mmoja wa kuandika.

Kuhusu sindano zenyewe neno moja tu: glargini ni ya yuniti 100 kwa mililita, na bomba lake liwe la 100, dogo la mililita 0.3 ikiwezekana. Yapo mabomba ya 40 yaliyotengenezwa kwa insulini za wanyama. Ukiyatumia kwa glargini, alama moja inakuwa yuniti mbili na nusu. Na umeme ukikatika usihangaike sana. Kichupa kilichofunguliwa kinavumilia siku 28 chini ya nyuzi 30, na hali ya hewa yetu, mita karibu 1,500 juu ya bahari, inatosha ukikiweka mahali pa giza ndani ya chungu. Kibaya zaidi ni frigo linalogandisha: insulini iliyoganda imekwisha, hata kama ikiyeyuka inaonekana safi.

Siku atakayotapika, akakataa chakula na kunywea pembeni, chovya bandeleti ya mkojo utazame ketoni. Zikionekana pamoja na dalili hizo, ni safari ya siku ile ile, hata kama ni Jumapili.

Sindano mpaka kufa? Si lazima. Paka wanatofautiana na mama mkwe wako katika hilo: si wachache wanaoacha insulini kabisa, hasa waliotibiwa mapema, wakashikwa vizuri katika miezi sita ya kwanza na kutolewa kwenye wanga. Utaona namba za kabla ya sindano zinakaa chini bila kupanda wiki baada ya wiki. Hapo daktari atapunguza nusu yuniti, atazame, apunguze tena. Akiacha, aendelee na chakula hicho hicho, umpime mara moja kwa wiki, na asidungwe dexa na mtu yeyote bila wewe kusema kwamba aliwahi kuwa na kisukari.